Tatu kwa Mbili au Sita kwa Tano

Kwenye meza za blakijaki katika kasino za Las Vegas, malipo huchapwa juu ya kitambaa cha meza, mbele ya macho ya kila anayeketi. Meza moja itasema blakijaki inalipwa 3 kwa 2. Ya jirani itasema 6 kwa 5. Wapo wanaoketi bila kusoma, na wapo wanaosoma wakadhani 6 kwa 5 ni bora kwa kuwa tarakimu zake ni kubwa. Tofauti ya maandishi hayo mawili inazidi faida yote ambayo kasino huipata kwa mchezaji hodari kwenye meza yenye kanuni nzuri.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Mchezaji na mgawaji karata hushindana kuikaribia 21 bila kuipita. Karata za picha huhesabiwa 10, na ree huhesabiwa 1 au 11, kadiri inavyofaa. Karata mbili za mwanzo zikiwa ree na karata ya thamani ya 10, hiyo ndiyo blakijaki, na mwenye nayo hulipwa zaidi ya dau lake. Chimbuko la faida ya kasino ni moja: mchezaji hutangulia kucheza. Akipita 21 dau lake linachukuliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye atapita baadaye. Kanuni nyingine ama zinamrudishia mchezaji sehemu ya hasara hiyo, ama zinamwongezea.

Tupige hesabu ya malipo kwa seti moja ya karata 52. Karata mbili zinaweza kutoka kwa namna 1,326. Ree ziko 4 na karata za thamani ya 10 ziko 16, kwa hiyo namna za kupata blakijaki ni 64. Hiyo ni asilimia 4.83, karibu mgao mmoja katika kila 21. Mara chache mgawaji naye huwa na blakijaki, ikawa sare na dau likarudi kwa mwenyewe. Tukiziondoa hizo inabaki asilimia 4.65. Sasa weka dau la dola 10. Meza ya 3 kwa 2 itakulipa dola 15, ya 6 kwa 5 itakulipa 12. Dola 3 zilizopungua ni asilimia 30 ya dau, na asilimia 30 ya 4.65 ni takriban 1.4. Basi katika kila dola 100 unazoweka mezani, kanuni hiyo peke yake inakumegea, kwa wastani, dola moja na senti 40.

Huo ni mzigo mkubwa. Kwenye meza ya seti sita yenye kanuni nzuri, anayecheza kila mgao kwa usahihi hupoteza kwa wastani kama nusu ya asilimia 1 ya anachoweka. Badilisha malipo tu, na hasara yake inakaribia mara nne. Ustadi haumsaidii hapo, kwa sababu blakijaki ikishatoka hakuna uamuzi wowote uliobaki mikononi mwake.

Kanuni nyingine huwachanganya hata wazoefu. Mgawaji akiwa na ree na 6, yaani 17, meza nyingine humtaka asimame, nyingine humtaka aongeze karata. Mtu huona kwamba akiongeza anajiweka hatarini. Lakini karata moja haiwezi kumpitisha 21, maana ree hushuka kutoka 11 hadi 1, na hiyo 17 aliyoiacha ilikuwa dhaifu: haimshindi mchezaji yeyote aliyesimama na 17 au zaidi. Kuongeza kwake kunaipa kasino takriban asilimia 0.2.

Idadi ya seti nayo ina uzito. Katika seti moja, ree ikishatoka, karata za thamani ya 10 ni 16 kati ya 51 zilizobaki. Katika seti sita ni 96 kati ya 311, sehemu ndogo kidogo. Ukijumlisha na athari nyingine za namna hiyo, mchezaji wa seti nane yuko nyuma ya yule wa seti moja kwa karibu nusu ya asilimia. Sifa hiyo ya seti moja inajulikana, na ndiyo inayovuta watu kwenye meza za seti moja zinazolipa 6 kwa 5. Naona huo ni mtego wa wazi: seti sita zinazolipa 3 kwa 2 ni bora kuliko seti moja ya namna hiyo.

Hesabu hizi zina historia. Mwaka 1956 Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, waliokuwa wanajeshi huko Aberdeen, Maryland, walichapisha namna bora ya kucheza kila mgao, baada ya kazi ndefu ya mashine za hesabu za mezani. Edward Thorp akaendeleza kazi hiyo kwa kompyuta ya IBM 704, na kitabu chake cha mwaka 1962 kikaonyesha kwamba anayefuatilia karata zilizokwisha kutoka anaweza kuishinda kasino. Kasino za Las Vegas zilishtuka. Mwaka 1964 zilibana kanuni za kuongeza dau maradufu na za kutenganisha ree mbili. Wachezaji wakazihama meza, na baada ya wiki chache kanuni za zamani zikarudishwa.

Kanuni ya 6 kwa 5 inawaumiza wachezaji waziwazi, tena kwa hesabu anayoiweza mwanafunzi wa sekondari, lakini safari hii watu wameendelea kuketi, na kasino hazina sababu ya kuiondoa. Kwa anayecheza kwa usahihi, blakijaki ya 3 kwa 2 ni miongoni mwa michezo yenye hasara ndogo kabisa katika kasino. Ya 6 kwa 5 haistahili hata dau la kwanza. Soma kitambaa kabla ya kutoa pesa, na ukikuta 6 kwa 5, usiketi.