«Vilipender»: neno la dharau lililozaliwa kwenye mizani

Anayefuata habari za Kifaransa hapa Congo amekwisha kusikia neno «vilipender». Mwanasiasa akiona anachafuliwa jina, hulitumia kulalamika. Ndugu yake wa Kiingereza ni «vilipend», lakini hata Waingereza wengi hawalijui. Limebaki katika kamusi na vitabu vya zamani.

Yote mawili yanatoka katika Kilatini. «Vilis» ni kitu cha bei ndogo, na «pendere» ni kupima kwa mizani. Maana yake basi ni kumpima mtu na kumuona hana bei. Sisi tunasema kuzarau, ama kumfanya mtu si kitu.

Huko Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, kusini mwa Kalemie, dharau ya namna hiyo ilifanyika kweli. Mwaka 1883, Luteni Émile Storms, Mbelgiji, alijenga kituo hapo kwa ajili ya Shirika la Kimataifa la Afrika, lililoanzishwa na Mfalme Leopold II. Desemba 1884, wapiganaji wake walishambulia kijiji cha Lusinga, chifu wa Watabwa, wakamuua na kumkata kichwa. Storms alirudi Ubelgiji na fuvu lake, pamoja na mafuvu ya machifu wengine wawili.

Mwaka 1886, daktari Émile Houzé aliyapima mafuvu hayo mjini Brussels na kutoa ripoti. Nyakati hizo, wataalamu wa Ulaya walitumia vipimo vya vichwa kudai kwamba Mwafrika yuko chini ya Mzungu. Baadaye fuvu la Lusinga liliingia katika jumba la makumbusho la Tervuren, na mwaka 1964 likahamishiwa taasisi ya sayansi ya viumbe ya Brussels.

Lusinga hakuwa mtu mwema kwa wote: alijulikana kwa kukamata na kuuza watumwa. Lakini hata mkosaji ana haki ya kuzikwa na watu wake. Kumweka kabatini kama mali iliyopimwa ndiyo maana kamili ya neno hili.

Tarehe 30 Juni 2022, siku ya uhuru wa Congo, sanamu ya Storms iliondolewa katika bustani moja ya Ixelles, Brussels. Kuondoa sanamu ni hatua. Kumrudishia marehemu heshima yake ni kazi nyingine.