Msimu wa Palizi na Mtoto Mdogo



Sisi ni mume na mke, wakulima wa mkoa wa Dodoma. Tunalima ekari tatu za uwele, mahindi, karanga na alizeti, na tuna mbuzi wachache na kuku wa kienyeji. Tumeombwa tueleze jinsi tunavyopanga siku ya kazi tukiwa na mtoto mdogo. Tunayoyaeleza tuliyajua baada ya kukosea.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na huisha Aprili. Januari na Februari ni miezi ya palizi; ukichelewa wiki mbili, magugu yamekula shamba. Mwaka huo mtoto wetu alikuwa na miezi tisa. Tulitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tisa alasiri. Mtoto alibaki na bibi yake, ambaye macho yake yamepungua nguvu, na uji ndani ya chupa ya chai.

Februari tulipompeleka kliniki, alama kwenye kadi ilikuwa imeshuka kutoka rangi ya kijani hadi kijivu. Tulishangaa, kwa kuwa uwele ulikuwepo ghalani. Muuguzi hakutugombeza. Aliuliza tu, "Jana mtoto amekula mara ngapi?" Tukahesabu: mara mbili, na zote uji mwepesi. Hapo ndipo tulipoelewa. Chakula kilikuwepo, aliyekosekana ni mtu mwenye nafasi ya kumlisha.

Kwa nini mara mbili hazitoshi

Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 8 hubeba karibu robo lita kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja. Ukikijaza kikombe hicho uji mwepesi, ameshiba maji. Hadi miezi 6 maziwa ya mama peke yake yanatosha. Kuanzia hapo anahitaji chakula cha nyongeza: milo 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, na milo 3 hadi 4 akiwa na miezi 9 hadi 23, pamoja na kitu kidogo cha kula katikati, kama tunda. Kunyonya kunaendelea hadi miaka 2 au zaidi.

Siku yetu ilivyo sasa

Tulikaa tukaipanga siku upya, tukaanza na milo ya mtoto, kisha jembe.

Saa kumi na moja alfajiri mama ananyonyesha. Baba anachota maji na kuwasha moto, kazi ambazo zamani aliziacha zote kwa mama. Saa moja mtoto anakula uji mzito, ndipo tunatoka. Saa nne na nusu mama anarudi kumnyonyesha na kumlisha, na jua likiwa kali habanduki nyumbani. Baba anaendelea kupalilia. Mchana mtoto anakula ugali laini na mlenda au maharage yaliyopondwa. Saa kumi jioni wote wawili tunarudi shambani kwa muda, na kabla ya giza mtoto anakula tena. Anakula kwenye bakuli lake mwenyewe, ili tuone amekula kiasi gani.

Kuuboresha uji

Uji unaofaa haumwagiki kijiko kinapoinamishwa. Tunautia karanga zilizokaangwa na kusagwa, au maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa. Mayai mengine tuliyokuwa tukiuza sasa ni ya mtoto. Uji ukiwa mzito kupita kiasi, hatuongezi maji. Tunaungoja upoe kidogo, tunatia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, tunakoroga hadi ulainike, kisha tunauchemsha tena. Kwa njia hiyo unalainika bila kupunguza nguvu yake. Uji wa kukaa kwenye chupa tangu asubuhi tumeuacha, kwa sababu huharibika na kumharisha mtoto.

Mambo mawili ya hatari

La kwanza ni kinyesi cha kuku. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni, na kuharisha huondoa yote aliyokula. Tumewajengea kuku banda, tukamtengea mtoto mkeka uliofagiliwa, na karibu na jiko tumetundika kibuyu chirizi na sabuni.

La pili ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Tunaanika juu ya turubai, si juu ya udongo, na tunachambua punje zilizooza, zilizosinyaa au zenye ukungu. Hizo hatuzipeleki kwenye uji wala kwa kuku.

Gharama yake

Hatutaki kuwadanganya wenzetu kwamba mpango huu ni wa bure. Msimu ule robo ekari ya alizeti ilizidiwa na magugu, na fedha yake tuliikosa. Wapo majirani waliomcheka baba kwa kubeba ndoo. Lakini Machi uzito uliacha kushuka, na wakati wa mavuno ya Mei alama ilirudi kwenye kijani. Magugu ya alizeti tutayapalilia mwaka mwingine. Miaka miwili ya kwanza ya mtoto hairudi.

Tunaamini mtoto na shamba vyote ni amana tuliyokabidhiwa na Mungu. Basi ndugu wakulima, kabla ya mvua zijazo, kaeni baba na mama, na bibi akiwepo, mjiulize lile swali la muuguzi: jana mtoto amekula mara ngapi, na nani alimlisha?