Fahamu: Taka za shule na urejelezaji Kilwa Masoko
Urejelezaji, yaani kuigeuza taka iwe malighafi ya kitu kingine, huanza kwa kuzitenganisha taka pale pale zinapozalishwa. Shuleni, maganda ya matunda na majani yaliyofagiliwa asubuhi, yakirundikwa kwa matabaka na kunyunyiziwa maji, huoza yakawa mboji, ambayo ni mbolea ya asili inayoifaa sana bustani ya mchicha.

Plastiki haiozi hivyo. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za maji zilibaki, na katika mji wa pwani kama Kilwa Masoko, jambo la kusikitisha ni kwamba chupa iliyotupwa mtaroni husombwa na mvua za masika hadi kwenye mikoko, ikanasa katika mizizi ambamo kamba na samaki wachanga hukulia.