Kesi Itafunguliwa Wapi? Sentensi Moja katika Mkataba wa Kutumia Jina la Biashara

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Laela anayeuza mbolea na mbegu kwa jina na nembo ya kampuni ya Dar es Salaam. Anapopewa mkataba, jicho lake hutua kwenye ada, mrabaha na eneo la mauzo. Karibu na mwisho ipo sentensi isiyomshughulisha: migogoro yote itaamuliwa na mahakama za Dar es Salaam pekee. Uzito wake huonekana mwezi Novemba, mvua zikikaribia, wakulima wa Ufipa wakisubiri mbolea ya kupandia, na mzigo uliokwisha kulipiwa haujafika.

Bila sentensi hiyo, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, humruhusu mdai kufungua shauri mahali mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara, au mahali chanzo cha madai kilipotokea. Mzigo ulipaswa kukabidhiwa Laela. Angeweza basi kudai Sumbawanga, katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka juu ya dai lake. Sasa atasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Tunduma na Mbeya, pengine pamoja na mashahidi, kila shauri linapotajwa.

Je, sentensi hiyo ni halali? Tanzania haina sheria mahususi ya mikataba ya namna hii; inaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sheria hiyo hubatilisha sharti linalomzuia mtu kabisa kwenda mahakamani, au linalofupisha muda wa kudai haki yake, ambao kwa madai ya mkataba ni miaka 6. Kuchagua mahakama moja ni jambo jingine. Katika rufaa ya madai Na. 98 ya mwaka 2016, kati ya Sunshine Furniture na Maersk (China) Shipping, Mahakama ya Rufani ilizishikilia pande zote kwa sharti lililopeleka migogoro Uingereza. Ikiwa London imekubalika, Dar es Salaam haitashangaza.

Neno la kutafuta ni “pekee”. Mkataba unaosema tu kwamba mahakama za Dar es Salaam “zitakuwa na mamlaka” huacha nafasi ya kujenga hoja kwamba Sumbawanga haikufungwa. Angalia pia kama unataja usuluhishi, na utafanyika mji gani. Wengine hudhani kwamba kwa kuwa nyaraka za kesi siku hizi huwasilishwa kwa intaneti, mahali si hoja tena. Mtandao hurahisisha kuwasilisha. Hauhamishi mamlaka ya mahakama.

Wakati wa kulibadili sharti ni kabla ya kutia saini. Omba liandikwe kwamba shauri litafunguliwa mahali mdaiwa alipo, au Sumbawanga. Ahadi ya mdomo ya ofisa mauzo haitakusaidia mbele ya hakimu.

Mkulima aliyenunua mbegu mbovu dukani humo hahusiki na sentensi hiyo hata kidogo. Hakuusaini mkataba ule. Wake ulifungwa kaunta, Laela, na anaweza kumdai mwenye duka hukohuko mkoani Rukwa. Atahitaji risiti yenye tarehe na jina la duka, na mfuko wa mbegu wenye namba ya toleo, ambao wengi huutupa siku ya kupanda.