Kubadilisha namba moja tu, na dosiye ya mwingine inafunguka

Watu wengi wanafikiri kwamba ili kuingia katika siri za kompyuta, lazima mtu awe fundi mkubwa. Lakini kuko kasoro moja ambayo haiombe ufundi. Ni pale programu inasahau swali moja: huyu anayeomba dosiye, iko na ruhusa ya kuiona?

Mfano unaojulikana ni wa Marekani. Kampuni First American inachunguza hati za nyumba zinazouzishwa kule na kuzitolea bima. Mtu akinunua nyumba, karatasi zake zinapita mule: namba ya konti ya banki, karatasi za kodi, hata picha ya permi ya kuendesha. Ili kusoma dosiye, alikuwa anatumiwa anwani ya intaneti. Ndani ya ile anwani mulikuwa namba ya dosiye.

Mwezi wa tano 2019, mwandishi wa habari Brian Krebs alitangaza kwamba ukibadilisha ile namba, unapata dosiye ya mtu mwingine. Hakuna kode ya siri, hakuna kuulizwa jina. Kwa jumla dosiye karibu milioni 885 zilikuwa wazi hivyo, zingine za tangu 2003.

Kosa liko wapi?

Ni kama ofisi ambamo dosiye zimepangwa kwa namba. Unafika, unasema: «Nataka ya 75.» Karani anatafuta, anaipata, anakupa. Aliangalia tu kama dosiye iko. Hakuangalia kama ni yako. Na juu namba zinafuatana, aliye na 75 anajua kwamba 76 iko.

Hata kode ya siri peke yake haitoshe. Kuingia ni jambo moja, kuruhusiwa ni lingine. Mwalimu na mwanafunzi wote wanapita mlango mmoja wa masomo, lakini si wote wanaofungua kabati ya pointi. Programu inapaswa kuuliza kila mara, kwa kila dosiye, na kukataa kama ruhusa haionekane.

Kwa First American, wafanyakazi wa usalama walikuwa wameona ile kasoro tangu mwezi wa kwanza 2019, lakini haikutengenezwa, na wakubwa hawakuambiwa. Mwaka 2021, SEC, ofisi ya serikali inayosimamia masoko ya hisa, iliitoza kampuni dolari 487 616. Mwaka huohuo, shirika OWASP, linalofuata usalama wa programu, liliweka kasoro za namna hii kwa nafasi ya kwanza. Mwaka 2017 zilikuwa za tano.

Nini cha kufanya?

Hospitali, masomo ao koperative inayonunua programu inaweza kuomba jaribio moja kabla ya kulipa. Fundi afungue konti mbili za mfano. Aingie na ya kwanza, kisha aombe dosiye ya ile ya pili. Programu ikitoa dosiye, haiko tayari.

Na raia akiangukia dosiye ya mwingine, asijaribu namba zingine. Aifunge, ajulishe wenye programu. Mteja hawezi kuitengeneza ile kasoro, hata abadilishe kode yake kila siku. Mwenye kuitengeneza ni yule aliyekubali kuchunga karatasi za watu.