Tangi jipya la samaki: jenga maji kwanza, vifaranga baadaye

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kufuga kwenye matangi huku Kyela ni hili: "Afisa, tangi nimeosha, maji meupe kabisa, mbona vifaranga wamekufa ndani ya wiki?"

Jibu ni kwamba maji meupe siyo lazima yawe salama. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu na haionekani kwa macho. Kwenye tangi la zamani kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Tangi jipya halina hao bakteria. Wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kuongezeka.

Fanya hivi:

1. Jaza maji, washa pampu ya hewa na chujio. Kama ni maji ya bomba, yaache wazi saa 24 klorini itoke.
2. Kila siku tia chakula kidogo sana bila samaki, ili bakteria wapate cha kula. Ukipata sponji ya chujio kutoka tangi lenye samaki wazima, weka, itakuokolea muda.
3. Pima. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri na naitreti imeonekana, ingiza vifaranga wachache kwanza.
4. Amonia ikipanda, acha kulisha siku hiyo na ubadilishe robo ya maji. Kumbuka amonia inazidi ukali maji yakiwa ya moto na pH ikiwa juu.

Sasa chumvi. Wengine wanamwaga tu kwa kukisia. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita; Ziwa Nyasa ni maji baridi, haifiki hata gramu 1. Perege wetu hawahitaji bahari. Chumvi inasaidia naitraiti ikipanda, maana inaizuia isiingie kwa wingi kupitia mashavu ya samaki. Tumia gramu 1 kwa lita, yaani kilo 1 kwa simtanki la lita 1,000. Pima kwa mizani, iyeyushe kwenye ndoo kwanza.

Hapa ndipo wengi wanakosea: maji yakikauka kwa jua, chumvi inabaki. Kwa hiyo ukijazia yaliyokauka, tumia maji yasiyo na chumvi. Lakini ukitoa lita 250 na kuweka mapya, ongeza chumvi ya hizo lita 250 tu, gramu 250. Na mvua zetu za Aprili mnazijua: tangi lisilo na paa likifurika, chumvi inaondoka na maji. Ezeka.

Vifaranga ni hela. Wiki sita za kusubiri ni nafuu kuliko kununua mara mbili. Mwenye swali aulize hapa chini, tutajibizana.