Mbao Juu ya Chasisi

Enzi za ukoloni, gari la mwenye shamba la kahawa huku Ruiru, au la mkonge kule Thika, mara nyingi lilifika nchini likiwa nusu. Injini, boneti, chasisi na magurudumu viliteremshwa bandarini Mombasa. Bodi ilijengwa hapa hapa na maseremala wa Nairobi, wengi wao Wahindi na Masingasinga, kwa mbao, skrubu na turubai. Gari la namna hiyo lilijulikana kama boksibodi. Mbele walikaa watu. Nyuma palipangwa magunia, vipuri, mbwa na bunduki, na siku ya dharura palilazwa mgonjwa.

Uingereza wazo hilo hilo lilivishwa ngozi na vanishi. Matajiri waliopenda kuwinda walitaka gari lenye starehe ya saluni na nafasi ya mizigo, kwa hiyo walipeleka Bentley zao kwa mafundi wa bodi. Harold Radford wa London alikuwa mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo. Katika miaka ya 1960 karakana yake iligeuza Aston Martin DB5 kuwa stesheni wagoni, 12 tu.

Lakini kwa msomaji wa huku kwetu, gari la kuangaliwa kwa makini ni jingine: Land Rover ya Tickford. Land Rover ilizinduliwa mwaka wa 1948 ikiwa gari la shamba, na paneli zake zilikuwa za aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo baada ya vita. Muda mfupi baadaye kampuni ya Tickford ikaanza kuijengea bodi ya kifahari ya watu saba: fremu ya mbao za eshi, mti mgumu wa Ulaya, iliyofunikwa kwa aluminiamu, na viti vya ngozi. Kufikia 1951 ilikuwa imekoma, na zilizotengenezwa hazikufika 700. Kilichoiumiza ni kodi. Land Rover ya kawaida ilihesabiwa kuwa gari la kazi na ikasamehewa kodi ya ununuzi. Hii ya Tickford ikahesabiwa kuwa gari la starehe, na bei yake ikapaa.

Kwa nini mbao? Wengi hudhani ni kwa ajili ya urembo, au kwa kukosa chuma. Hesabu ya uhandisi inasema zaidi ya hapo. Chukua mihimili miwili ya mraba yenye urefu sawa na uzito sawa, mmoja wa chuma cha pua na mwingine wa eshi. Kwa ujazo sawa, chuma hicho ni kizito takriban mara 11 kuliko mbao hizo, kwa hiyo mhimili wa mbao utakuwa mnene zaidi, eneo la mkato wake likiwa kubwa mara 11 hivi. Ukaidi wa mhimili dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha pili cha eneo hilo: 11 mara 11, yaani 121. Kweli, chuma chenyewe ni kikaidi kuliko eshi takriban mara 16, lakini gawanya 121 kwa 16 na bado mbao inashinda kwa zaidi ya mara saba. Isitoshe, nyuzi za mbao humeza mtetemo vizuri kuliko chuma, na yeyote aliyepita barabara ya murram yenye mikunjo anajua mtetemo ni nini.

Adui alikuwa maji. Mbao ikilowa hutanuka kwa upana, kukingama nyuzi zake, ikikauka husinyaa. Kwa urefu wa nyuzi haibadiliki sana. Eshi mbichi ikikaushwa inaweza kupungua hadi asilimia 8 hivi kwa upana, na kwa urefu chini ya asilimia moja. Sasa fikiria kiungo cha mlango, ambapo kipande kimoja kimesimama na kingine kimelala: kila mvua za masika na kila kiangazi vipande hivyo huvutana, na tundu la skrubu hupanuka. Maji yakijificha nyuma ya paneli na unyevu wa mbao ukapita asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu huanza kula. Mchwa wetu nao hawahitaji kualikwa.

Hapo metali ikatwaa kazi. Stesheni wagoni za Land Rover za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani zikiwa na bodi ya metali, nyingine zikiwa na paa la pili lililoinuliwa kidogo juu ya paa lenyewe: jua lilichoma bati la juu, na hewa iliyopita katikati ikaondoa joto kabla halijawafikia abiria. Peugeot 504 ikaja na jibu la wengi. Ile ya familia ilirefushwa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kutoka sentimita 274 za saluni hadi 290, na ekseli ya nyuma ikakalia springi nne. Ndiyo iliyokuja kubeba abiria kutoka Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu.

Thika nayo ikapata kiwanda. Kampuni ya Leyland Kenya ilianzishwa huko mwaka wa 1974, na Land Rover zikaunganishwa kutoka vipande vilivyoletwa kwa makasha. Leo kiwanda hicho kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Bodi za mabasi na matatu bado hujengwa nchini juu ya chasisi za lori, ila sasa fremu ni ya chuma na kipo kiwango cha taifa, KS 372, kinachoeleza ujenzi wa bodi hizo.

Kazi ya maseremala wale wa boksibodi ndiyo inayonitia wasiwasi. Bodi za mbao huoza haraka kuliko chasisi, kwa hiyo kinachopotea kwanza ni ile nusu iliyotengenezwa Kenya. Kutoka Ruiru hadi Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, ni safari fupi ya matatu, na chuo hicho kina wahandisi. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina wataalamu wa mbao. Kila bodi iliyobaki katika stoo ya shamba ipimwe na kuchorwa kiungo kwa kiungo, na aina ya mbao yake itambuliwe kwa hadubini. Mwenye gari kama hilo asilifunike kwa turubai la plastiki, maana hunasa unyevu. Aliweke chini ya paa, pande zikiwa wazi, matairi yakiwa juu ya sakafu kavu, na asing'oe hata skrubu moja kabla halijapigwa picha.